Sindano Iliyolala kwenye Barafu ya Ukwaju

Mama, mavyaa yangu uliyenitangulia,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini wewe hukuwa ukikubali mtu aanze maneno kabla ya salamu, nami sitaki tukosane kuanzia mstari wa kwanza.

Nakuandikia kutoka chumba kile kile cha ndani, nyumbani kwetu mtaa wa Barani, nimekaa juu ya kitanda kile kile, na dirisha bado latazama ukuta wa jirani yetu Bi Tima. Kalamu nimeifungia kitambaa ili inenepe, maana vidole vyangu havishiki tena kitu chembamba. Ukiona mwandiko umelala ubavu, usinicheke. Nje masika yananyesha, Ramadhani imefika kati, na binti yako Zuhura ameketi ukumbini anachambua mchele huku ananichunga. Ndiyo, ananichunga. Kazi uliyomwachia anaifanya kweli kweli, tena anakushinda hata wewe.

Kila baridi ikianza, au mtu yeyote mtaani akipiga chafya, mimi hutiwa ndani. Hodi za watu nazisikia kupitia ukutani. Harusi zanipita, maulidi yanipita, hata mazishi ya watu wangu yanipita. Nikisema nataka kutoka, Zuhura hunitazama kwa jicho lile lako, kisha husema neno moja tu: "Mama alikufa kwa ajili yako." Utajibu nini hapo? Mimi hurudi kitandani.

Kwa hivyo leo nimesema nikueleze wewe mwenyewe. Wewe ndiwe uliyeufunga mlango huu, na sijui mwengine wa kumwomba ruhusa ya kuufungua.

Hukunipenda mara moja, mama, tusidanganyane. Mwanao Athumani aliponioa akanileta kwako kutoka Kilifi, ulinishika mikono ukaigeuzageuza kabla hujanitazama uso. "Uso hauungi mchuzi," ulisema, na wanawake wote ukumbini wakaangua kicheko. Mikono yangu ilikuwa mizima siku hiyo. Ilikuwa ikikuna nazi, ikifua, ikisuka ukili, na ukatosheka nayo. Haukupita muda mrefu, ikaanza kunigeuka.

Asubuhi nilikuwa nikiamka vidole vimekaza, siwezi kuvikunja wala kuvikunjua mpaka jua liwe limepanda. Vifundo vilivimba, vya mkono huu na vya mkono huu, vikawa vya moto. Nikajikaza. Mke mgeni aseme nini? Wewe uliona nachelewa jikoni, ukawaambia jirani zako, tena kwa sauti ili nisikie: "Mimi nimeletewa mke wa kupamba nyumba." Nililia siku ile. Nilikuwa nikikuchukia, mama, na nadhani ulikuwa ukijua.

Kilichotupatanisha ni nazi. Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi, nazi mkononi, nikajaribu kuizungusha, mkono ukakataa. Nazi ikaniponyoka, ikabingirika mpaka miguuni pako. Ulifungua kinywa unikemee, halafu ukauona mkono wangu. Ukauinua, ukaubonyeza kidogo tu, nami nikapiga ukelele.

"Lo! Na wewe wanyamaza?" ulisema. "Una moto kama huu mwilini na wanyamaza? Watu wa Kilifi mmefundishwa na nani?"

Ukanisukuma nikupishe, ukaketi wewe juu ya mbuzi, ukaikuna nazi ile mpaka kifuu kikabaki kitupu, na huku unawagombeza watu ambao hata hawakuwapo. Tangu siku hiyo sikukuna nazi tena nyumbani kwako.

Ulijaribu kila ujualo. Ulinisinga mafuta ya habasoda, ukanifukiza, ukanifunga majani ya moto, ukanikataza kukanyaga sakafu bila viatu. "Hii ni baridi yabisi," ulikuwa ukisema, "lakini baridi yabisi ya vikongwe imemfuata nini msichana?" Haikupoa. Athumani akanipeleka kwa daktari wa viungo Mombasa, na daktari akasema si sakafu wala si maji ya kisima. Akasema mwili una askari wake wa kuulinda, na askari wangu wamegeuka, wanaibomoa nyumba waliyowekwa kuilinda. Akanipa vidonge vyeupe vya kuwatuliza. Nilivimeza, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikaweza kushika kikombe cha chai. Lakini akanionya: vidonge hivyo huwalaza askari wote, wabaya na wazuri. Mafua yanayomlaza mwengine siku mbili akainuka, mimi yanaweza kunishuka mapafuni nisiinuke.

Hayo ulipoyasikia uliniambia, "Basi wewe sasa ni yai." Ukaanza kunibeba hivyo.

Nani alikuwa akinifunga vifungo vya gauni? Wewe. Nani alikuwa akinisuka nywele, akinikamulia nguo, akinimenyea chungwa kabla sijaomba? Sikukupa mjukuu, na hukunitajia jambo hilo hata siku moja. Wanawake wakikuuliza, na walikuwa wakiuliza kwa ndimi zao zile, ulikuwa ukiwajibu mbele yangu: "Zuhura ni mwanangu wa kuzaa. Huyu ni mwanangu wa kuletewa. Wa kuzaa humchagui. Wa kuletewa ukitaka wamrudisha kwao, na mimi simrudishi." Nilikuwa nikijifanya sikusikia, kisha naingia chumbani nikalia kwa furaha.

Ni daktari yule yule aliyemwambia Athumani kwamba iko chanjo ya mafua. Huja kidogo, tena kila mwaka sharti upigwe mpya, maana mafua nayo hubadilika. Wazungu wa mahotelini ndio wanaoijua. Athumani akaweka chini randa yake na mbao zake, akaenda akaiagiza, na ilipofika akaifuata mwenyewe. Ilikuwa Ramadhani, na unakumbuka miaka ile Ramadhani na Idd zilikuwa zikiangukia kipupwe, mji mzima unakohoa. Akaileta kutoka Mombasa ndani ya chupa ya chai iliyotiwa barafu, ameipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Aliingia adhana ya magharibi ikikaribia, watu wamejazana dirishani pako wanataka barafu za kufuturia. Daktari alikuwa amemwambia maneno mengi kuhusu kuitunza. Athumani alifika na nusu yake.

"Mama, iwekeni penye baridi," alisema, akakimbilia kutawadha.

Friji yako, mama! Ile uliyoinunua kwa mzungu aliyekuwa akihama, inayonguruma mpaka kwa Bi Tima ikasikika. Watoto wa mtaa mzima walikulia kwenye barafu zako za ukwaju na za ubuyu. Nilikuwa nimekaa ukumbini nakutazama. Uliifungua, ukaangalia chini kwenye maziwa na mboga, ukatikisa kichwa. "Dawa ya watu imetoka Ulaya," ulisema, "niiweke na mchicha?" Ukafungua kile kijumba cha juu kabisa, cha barafu, ukaona kimejaa. Ukaanza kutoa barafu zako ukawagawia watoto dirishani bure, wakafikiri umepata wazimu. Ulipopata nafasi, uliifunga sindano yangu katika leso safi ya mkononi, ukasoma Bismillahi, ukailaza pale kati ya ukwaju na ukwaju. Ukanigeukia ukitabasamu. Sikuona kosa lolote. Wala mimi, wala Athumani, hakuna aliyejua.

Kesho yake alasiri akaja Sista Mwikali, yule muuguzi Mkamba anayefanya kazi katika kliniki moja ya mjini, aliyekuwa akipenda sana visheti vyako. Ukamletea dawa kwa mikono miwili. Akaifungua leso, akaitazama, akaigonga kwa ukucha.

"Mama, hii imeganda."

"Ee, imeganda vizuri," ulimjibu kwa furaha. "Nimeiweka juu kabisa."

Sista akafunga macho. "Mama, ikiganda imeharibika. Siwezi kumpiga mtu hii."

"Si itayeyuka? Hebu tuianike juani kidogo."

"Hata ikiyeyuka, haina kazi tena."

Hapo ulishika kiuno. "Ngoja, sista. Athumani kaniambia vijidudu vilivyo humo vilikwishauliwa huko kwao, ndiyo maana haviwezi kumpa mtu mafua. Kweli si kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Basi kama vilikwishakufa, barafu yangu imeua nini?"

Mimi kicheko kilinibana, wallahi, pamoja na hofu niliyokuwa nayo. Sista Mwikali akakuuliza polepole: "Mama, ukiweka tui jikoni likakatika, wewe waweza kuliunga tena?"

"Tui likikatika limekatika."

"Basi dawa hii imekatika."

Ulielewa papo hapo. Hukubisha tena. Ulikaa chini sakafuni, wewe uliyenikataza sakafu, ukajifunika uso kwa leso ile ile. Athumani akaenda kupiga simu Mombasa, na jibu likawa lile tulilolitarajia: hakuna nyengine mpaka ije ya mwaka unaofuata. Na Idd ilikuwa yaja, na Idd kwetu ni watu. Ni mikono ya kubusiwa, ni watoto wa mtaa mzima, ni wazee waliotoka msikitini wakipita nyumba kwa nyumba, na kila mmoja ana kikohozi chake.

Jioni ile ulikuja chumbani ukaketi ukingoni mwa kitanda changu. "Nimeiua kinga yako," uliniambia. "Basi kinga yako ni mimi."

Nilifikiri ni maneno tu.

Asubuhi ya Idd ulinivisha gauni jipya, ukanitia hina kidogo kwenye kucha, ukanipaka manukato. Nikafurahi. Kisha ukaniwekea sinia la haluwa na birika la kahawa kando ya kitanda, ukatoka, ukaurudisha mlango wa chumba, nikasikia komeo. Nilidhani umekosea. Niliita. Ukajibu kutoka nyuma ya mlango: "Sikukosea, mwanangu. Tulia." Ukaburuta kiti chako mpaka kwenye mlango mkubwa wa nje, ukaketi pale, ukajaa mlangoni.

Nilisikia kila kitu. Ndiyo adhabu ya chumba hiki, mama: husikii vibaya. Nilimsikia Bi Tima akija na watu wake. "Mkazamwana wako yu wapi tumpe mkono wa Idd?"

"Yumo ndani. Leo hatoki."

"Basi tutamfuata sisi. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

"Huyu wangu, Bi Tima, ataponea kwa mgeni kwenda zake."

Lo! Nyumba ya watu wa Faza, wanaojulikana kwa ukarimu, kumzuia mgeni mlangoni siku ya Idd! Kisha Bi Tima akasema kwa sauti ya chini, lakini si chini ya kutosha: "Kwani ana nini hata afichwe?" Na kabla ya adhuhuri neno lilikuwa limeshazunguka mtaa kwamba mke wa Athumani ana ukoma, ndiyo maana vidole vyake vimepinda.

Niligonga mlango wa chumba kwa kiwiko, maana ngumi siwezi kukunja. "Mama, nifungulieni! Nitakaa mbali, nitasalimia kwa mdomo tu!"

"Nyamaa. Kula haluwa yako."

"Wanasema nina ukoma!"

"Waseme. Ukoma wa mdomoni mwao hauambukizi."

Nilikutukana kimoyomoyo siku hiyo. Nilikuwa na nguo mpya, nimenukia, nimepambwa, na hakuna jicho lililoniona isipokuwa ukuta. Na wewe huko nje ukawapokea wote. Mikono yote iliyokuwa ije kwangu ilikuja kwako. Watoto walijifuta makamasi kwa kiganja wakakupa kiganja hicho hicho, ukakibusu, ukawapa senti zao za sikukuu. Wazee wakakukoholea usoni wakikuombea dua. Ulikaa pale mpaka jua likatua, kisha ukanifungulia, ukaonyesha meno yako yote. "Umeona? Hakuna aliyepita."

Haikuchukua siku nyingi, ukaanza kukohoa. Nilikusikia kabla ya wote, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, kusikia. Ulipotambua ni mafua, hukumwambia mtu. Ulichukua mkeka wako na mto, ukahamia banda la jikoni kule uani, ukamwamrisha Zuhura asikuache unikaribie wala mimi nisikukaribie. Tukawa tunazungumza mimi dirishani, wewe bandani, na ukuta kati.

"Umekula?"

"Nimekula, mama. Na nyinyi?"

"Mimi nakohoa tu. Kikohozi ndicho chakula cha wazee. Vidonge umemeza?"

"Nimemeza."

"Nani kakufunga vifungo?"

"Zuhura."

"Atakuwa kakosea cha juu. Yeye hukosea cha juu daima."

Alikuwa kakosea kweli. Tulicheka, kisha kicheko chako kikageuka kikohozi kisichokoma, na nikaanza kuogopa. Sista Mwikali akaja, akasikiliza kifua chako, akatoka na uso mwengine. Athumani akakupeleka hospitali. Ulipopitishwa uani umeegemea mabega ya watu, ulisimama chini ya dirisha langu. Ulikuwa huna pumzi. Ulisema, "Nisamehe barafu." Nami nikasema, "Mama, msiseme hivyo," na ukapitishwa. Sikusema neno la maana kuliko hilo, maana nilijua utarudi.

Madaktari walihangaika nawe, lakini mapafu yalikuwa yameshajaa. Ukarudishwa umefunikwa.

Siku hiyo, mama, nilitoka. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Wanawake walikuwa wanakuosha, nikaingia, na wengine wakasogea kwa sababu ya ule uvumi wa ukoma. Zuhura akaniambia, "Utashika nini na mikono hiyo?" Nikaichukua kata ya maji kwa viganja viwili, hivi, kama mtu anayeomba dua, nikakumiminia maji miguuni. Nilimwaga mengi kando kuliko niliyokumiminia. Lakini nilikumiminia.

Matanga yalipokwisha, Zuhura akarudisha komeo. Tangu hapo mimi si mgonjwa tena nyumbani humu, mimi ni amana. Kila mtu ananiangalia na kukuona wewe. Athumani hanigombezi hata nikimgombeza. Nikicheka kwa sauti, naona Zuhura anashangaa kwamba naweza. Umenipa uhai, mama, na uhai huo nimeukalia hapa kitandani kama mtu aliyewekewa vitu vya wenyewe, anaogopa hata kuvigusa. Mara nyengine nimekuonea hasira kuliko nilivyokulilia. Ungeniacha nijaribu bahati yangu na watu. Ungeniuliza.

Kila mwaka tuliomba dawa ije, na kila mwaka kulikuwa na jambo: mara haikuja, mara imekuja imekwisha. Mwaka huu Sista Mwikali akatuma salamu kwamba ataileta mwenyewe. Akaja baada ya futari ili Zuhura asipate udhuru wa kufunga. Alikuwa na kisanduku cha baridi begani na kipimajoto ndani yake. Zuhura alipotaka kumpokea, akakivuta nyuma.

"Hii hailali kwenu," alisema, "hata dakika moja."

Sote tukacheka, hata Zuhura, na ukumbi ulinukia visheti kama zamani. Akafungua kisanduku. Nikaona mbili.

"Ya pili ya nani?" nikauliza.

"Kwanza niambie wewe," akasema sista. "Nani hufungua mlango humu ndani?"

Nikajibu kabla sijawaza: "Mama."

Sista akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, taratibu, anajua unavyouma. "Siku hizi daktari anataka anayeishi na mgonjwa apigwe naye," alisema. "Mafua hayapiti ukutani. Huingia na yule anayefungua mlango."

Mama, nilikaa na maneno hayo nikaona yananizidi. Miaka yote hii nimekuwa nikifikiri ni ile barafu. Wewe uliondoka ukifikiri ni ile barafu. Zuhura amekuwa akiiogopa friji yako kama jini, aliizima tangu matanga na watoto wa mtaa wakahamia dirisha jengine. Kumbe hata kama ungeiweka na mchicha, hata kama ingekuwa nzima siku ile, ilikuwa moja. Ilikuwa yangu. Ungefurahi mimi kupigwa, kisha ungeketi kwenye kiti chako mlangoni vile vile, ukabusu mikono ile ile, maana Idd ilikuwa Idd yako na wageni walikuwa wako. Tulizungumza juu ya kinga kutwa kucha, nyumba nzima, na hakuna mtu hata mmoja aliyeuomba mkono wako wewe apige sindano.

Sista akamgeukia Zuhura. Unamjua mwanao na sindano. Akarudi nyuma mpaka ukutani. "Mimi mzima," alisema, "ya nini kunitoboa?"

"Mama naye alikuwa mzima," nikamwambia.

Akanitazama sana. Mara hii ni mimi niliyemwambia neno moja, na yeye ndiye aliyetii. Akakunja mkono wa gauni, uso ameugeuzia ukutani, akalia hata kabla ya kuguswa. Nikasema, "Sista, mpige huyu kwanza." Akapigwa. Kisha nikapigwa mimi. Mkono uliniuma usiku ule na mwili ukachoka kidogo, asubuhi yake nikaamka kama kawaida yangu. Kawaida yangu waijua.

Sista ametuambia tusijidanganye. Dawa hii haishiki siku ile ile, yataka wiki mbili hivi. Na hata ikishika si ukuta wa chuma: akija anayekohoa sana, nimwepuke bado. Lakini kuketi na watu, kusalimiana na watu, kula haluwa mbele ya watu, amesema naweza. Nimemfanya aseme mara ya pili, mbele ya Athumani.

Kwa hivyo nangoja. Bado nimo ndani nikuandikiapo, bado komeo lipo, na nimejua kwamba kungoja kutoka ni kugumu kuliko kukaa tu. Jana Zuhura aliingia kunifunga vifungo. Akakosea cha juu. Nikamwambia, "Mama alisema utakosea," naye akaketi pale pale ulipokuwa ukiketi, akaniegemea, na tukakulilia pamoja kwa mara ya kwanza. Alipoinuka akaniuliza, kama anayejiuliza mwenyewe: "Idd hii, nani atakaa mlangoni?"

Nimekuandikia ili nikujibu wewe kabla yake. Ulinifunga kwa mapenzi, na nimekaa humu kwa mapenzi hayo mpaka yamenibana. Ile samahani uliyoiomba chini ya dirisha, sikukupa nilipotakiwa kukupa, maana sikujua ilikuwa ya mwisho. Chukua leo. Si barafu yako, mama. Haikuwa barafu yako hata kidogo. Na friji nimemwambia Zuhura aiwashe. Inanguruma sasa hivi, naisikia kupitia ukutani, na ukwaju umeshalowekwa.

Asubuhi ya Idd nitaburuta kiti chako kwa viwiko ikibidi. Nitakaa pale ulipokuwa ukikaa, mikono yangu iliyopinda nimeiweka mapajani waione wote, na Bi Tima akija na "mgeni njoo" yake, nitamwambia apite. Pumzika, mama. Mlango nimeupokea. Nitaufungua mimi.

Mwanao wa kuletewa,
ambaye hukumrudisha